Siku ya Kumgawa Bi Mkubwa

Watu wenye akili zao huenda kutazama bustani wakati wa maua. Wateja wa dada yangu walikwenda wakati hakuna hata jani. Walifika mwisho wa kiangazi, magari yamejaa vumbi, wamevaa viatu vya kutokea, wakasimama kwenye vijia kukodolea macho udongo mtupu uliochomekwa vijiti. Mpita njia angedhani wanazika mtu. Mara ya kwanza nilimuuliza, "Dada, unawaonyesha nini hawa? Makaburi?" Akanijibu bila hata kunigeukia, "Subiri. Wewe mdomo wako una haraka kuliko miguu yako."

Kitalu chake kilikuwa mashambani, mbali na mji, mahali ambapo lami imeshakata tamaa. Upande mmoja wa nyumba palikuwa na banda la kivuli lenye mifuko ya miche, imepangwa safu kwa safu. Upande wa pili ndiko zilikokuwa bustani za maonyesho. Kila aina ya mche aliouza, aliupanda na ardhini pale, ukakua mpaka kimo chake, ili mnunuzi asipelekwe kichwa kichwa. "Unaninunulia kitoto kwenye mfuko," aliwaambia. "Njoo kwanza umwone mama yake."

Yote ilikuwa mimea ya kudumu, ile inayokauka juu kiangazi, ikabaki mizizi tu chini, na mvua ikinyesha inarudi yenyewe mwaka baada ya mwaka. Maua ya msimu mmoja hakuyataka hata kuyasikia. Aliyaita wageni wa harusini: yanapendeza, yanakula, yanaondoka. Mteja akiyaulizia, dada alimtazama kama mtu aliyemtukania mzazi.

Sasa, mwisho wa kiangazi ndio wakati wa kugawa mashina, kabla usingizi wa mizizi haujaisha. Dada aliifanya kazi hiyo hadharani. Alitembea na uma wake wa bustani, wageni nyuma yake, akasimama mahali ambapo wewe unaona vumbi tu, akauzamisha uma, akaukandamiza kwa mguu, akainua. Likatoka donge zima la mizizi minene, nyeupe, imeshikana kama vidole vya watu wanaosali. Watu wakasema "Aaah!" utadhani katoa sungura kwenye kofia. Kisha akachukua uma wa pili, akazichomeka zote mbili mgongo kwa mgongo katikati ya donge, akazitanua, shina likaachana bila kisu. Kipande kimoja kilirudi ardhini, vingine vikaingia kwenye mifuko.

Wa mwisho kugawiwa siku zote alikuwa Bi Mkubwa. Huyo ni yungiyungi wa nchi kavu, mzee kuliko yote pale, mwenye duara lake peke yake katikati ya bustani. Dada alipokuwa mpishi wa shule, walikuja mafundi kuchimba msingi wa vyoo vipya, wakamtupa nje pamoja na kifusi. Dada akamwokota, akamtia kwenye sufuria ya uji, akarudi naye nyumbani. Shemeji, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akakaa chini: mke wake kaenda kazini na sufuria ya chakula, karudi na sufuria ya mizizi. Lakini ndiye aliyemchimbia shimo. Kutoka kwenye shimo lile ndipo kilipoanza kitalu kizima, na nusu ya nyua za upande ule zina mtoto au mjukuu wa Bi Mkubwa.

Haya ninayasimulia ili ujue dada yangu alikuwa nani kabla sijakwambia habari ya macho.

Yalianza kwa kugonga milango kwa bega. Daktari alisema ni presha ya macho, ile inayokula pembeni kwanza, ikimaliza pembeni inaingia katikati, na ilichokula hakirudi. Akampa dawa za matone. Dada aliyatia kwa uaminifu, na macho nayo yakaendelea kufa kwa uaminifu. Mwanzo aliona kama anachungulia kwenye bomba. Halafu bomba likaziba.

Mimi niligundua kwa chai. Tumelala kitanda kimoja utoto mzima, kwangu hawezi kujificha. Nilimwona amening'iniza kidole ndani ya kikombe huku akimimina, akisubiri moto wa chai uguse ncha ndipo aache. Nikaacha kukoroga chai yangu. Yeye ndiye aliyesema, "Umeona, eh?" Nikajibu nimeona. "Basi ukimwambia mwanangu, mimi sina mdogo."

Mwanawe ni fundi wa lifti huko mjini. Ni mtoto mmoja tu, na mwema mno, jambo ambalo ndilo lililotumaliza. Alishamwambia mama yake siku ya matokeo ya daktari, "Yakikataa kabisa, Mama, nakuja kukuchukua. Kitalu tunafunga. Sitaki kupigiwa simu kwamba umetumbukia kisimani." Aliyasema akiwa amemshika mkono. Ungemchukiaje? Lakini kwa dada, kutolewa pale kulikuwa kung'olewa. Mimi nisingeweza kuhamia kwake, mume wangu hajainuka kitandani tangu apooze, na wiki ya wageni tu ndiyo nilikuwa namwomba wifi yangu anishikie zamu. Kwa hiyo palibaki njia moja, nayo ni kuhakikisha kijana hajui.

Na kwa kweli, mtu asingejua. Vijia vya bustani alishavitandika zamani kila kimoja kwa namna yake, hiki kokoto, kile matofali, kingine mchanga, akawa anajua alipo kwa nyayo. Akaacha viatu vya soli nene. Na vile vijiti ambavyo kila mkulima wa maua huchomeka kuonyesha mmea ulipolala, vyake vilianza kuwa na kimo cha kufika mkononi, kila kimoja kimechongwa kichwa tofauti. Wageni walimwona akipita akivigusagusa, wakasema, "Mama anavyoipenda bustani yake!" Jirani mmoja wa kike alimwagilia na kupalilia, huyo alijua na alikuwa na mdomo wa kufuli.

Ila kichekesho kilikuwa salamu. Mtu akiingia kimya, dada alimfokea, "Hapa si sokoni! Kwangu mtu huingia na salamu!" Basi wote wakazoea kupaza sauti tangu getini, na kwa sauti akawajua mmoja mmoja, huyu mwenye mafua ya kudumu, yule anayeburuta maneno, mwingine anayecheka kabla ya kusema. Wakamsifu kwa kushika adabu za zamani.

Na akaanza kujigamba. Sijui kama ni hofu iliyomtuma, au ni kule kufurahia kwamba amewaweza. "Bustani hii," aliwaambia, kifua mbele, "naijua hata nikifumba macho." Wageni walicheka na kupiga makofi. Mimi nilikuwa nasimama pembeni nimeng'ata ulimi.

Mwaka mmoja mwanawe akachukua likizo. Hajawahi kufika siku ya wageni hata mara moja, kila mara lifti ya mtu imekwama na mtu ndani. Aliingia jioni na begi la zawadi, na jioni nzima dada alicheza mchezo wake vizuri mpaka nikamwonea fahari. Alimsogezea mwanawe kiti. Alimwambia amekonda, na ni kweli alikuwa amekonda, ila alikuwa amekwishamkumbatia kwa muda na kumpapasa mgongo. Nilikwenda kulala nikijua tumepita.

Asubuhi tulikuwa jikoni tunakunywa chai, mimi na dada. Sufuria kubwa la chai ya wageni lilikuwa nje linatokota. Kijana akaingia anajipangusa mikono, uso umemng'aa kama mtoto aliyeshinda mbio.

"Mama, nimeamka mapema nikakusafishia bustani. Vile vijiti vilikuwa vinaichafua bwana, kama mitego. Nimeving'oa vyote. Nimelainisha na udongo kwa reki, huwezi kujua kama kuna kitu chini."

Nilimtazama dada. Kikombe kilikuwa kimesimama hewani.

"Vijiti viko wapi?" nikauliza mimi.

"Si ndivyo vinavyochemsha chai, Mama Mdogo! Vikavu vizuri, vimeshika moto mara moja." Akacheka. "Kwani si anasema anaijua hata akifumba macho? Leo wageni waone kwa kweli. Nimeshawaambia wale waliowahi pale getini."

Dada aliweka kikombe chini, polepole, akakitafutia meza kwa kidole kidogo. "Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Asante."

Alipotoka nilimshika mkono. "Sema unaumwa. Sema mgongo."

"Nikisema mgongo leo, kesho niko ghorofani kwake."

"Basi mwambie ukweli, dada. Mwambie sasa hivi tukiwa watatu tu."

"Nyamaza." Alikuwa amekunja uso, anafikiri, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anaitembea bustani kichwani, duara kwa duara. "Utanifuata nyuma. Nikipotea kushoto kohoa mara moja, nikipotea kulia kohoa mara mbili. Nikifika sawa, nyamaza."

Huo ndio mpango tuliokuwa nao, watu wazima wawili tuliokula chumvi nyingi. Kukohoa.

Wageni walikuwa wengi kuliko mwaka wowote, kwa sababu kijana alikuwa amepita kwa majirani asubuhi akitangaza. Walisalimia kwa sauti kubwa. Dada akajibu kila mmoja kwa utani wake, uma begani, akaingia kijia cha matofali. Shina la kwanza lilikuwa karibu na ukingo, akalipata kwa nyayo. "Aaah!" wakasema. La pili lilikuwa kona ya mchanga, nikakohoa mara moja, akasogea, akalipata. Makofi. Kijana alipiga makofi kuliko wote, akageuka kuwaambia watu, "Mama yangu huyo! Mama yangu!" Nikaanza kuamini, Mungu nisamehe. Nikaona kumbe tutavuka.

Tukaelekea kwa Bi Mkubwa. Duara lake ni pana, halina kingo karibu, na udongo wote ulikuwa umelainishwa kwa reki kama kitanda kilichotandikwa. Dada akaingia, akapotea kushoto. Nikakohoa. Akarudi, akapitiliza kulia. Nikakohoa mara mbili. Nikakohoa tena. Ndipo nikasikia mkono begani.

"Mama Mdogo, hicho kifua chako sikipendi," kijana akasema, taratibu, kwa huruma. "Ni hili vumbi. Njoo ukae kivulini, nikuletee maji."

"Niache, sina kitu."

"Unakohoa tangu tulipoanza! Njoo bwana, usiwe mbishi kama dada yako." Watu wakacheka, wakanipisha. Mwanamke mmoja akanishika mkono wa pili. Walinitoa kama wanavyomtoa bibi harusi, huku na huku, nikawekwa kwenye kiti chini ya banda, nikapewa glasi ya maji. Kutoka pale nilikuwa namwona dada mgongo tu.

Alizamisha uma. Akainua udongo mtupu.

"Leo Bi Mkubwa kajificha," akasema, na watu wakaangua kicheko. Akasogea, akazamisha tena. Udongo. Kicheko kilikuwa kidogo zaidi. Mara ya tatu aliukandamiza uma kwa nguvu zote, kwa hasira, kisigino chini, na hata mimi kule kivulini nilisikia mlio kama muhogo mbichi unavunjwa. Nikaimwaga glasi, nikakimbia.

Alikuwa amempiga katikati, penye moyo wa shina. Alipoinua, Bi Mkubwa alitoka vipande vipande, vyeupe, vinatoa maji, vikatawanyika mbele yake juani. Jino moja la uma lilikuwa limechana pembeni ya kiatu chake. Akapiga magoti. Akaanza kupapasa udongo kwa viganja, mbele, pembeni, na kiganja chake kilipita kando ya pande kubwa la mizizi lililokuwa wazi pale, likionekana na kila mtu, kikalikosa, kikarudi, kikalikosa tena.

"Katoka?" akauliza. Uso ameuelekeza kwenye uzio, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Hakuna aliyejibu. Na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko yote, kwa sababu wale watu walikuwapo kwake kwa sauti zao tu. Waliponyamaza, bustani ilibaki tupu.

"Jamani, semeni basi. Katoka?"

Kijana alikuwa amefika mbele yake. Akachuchumaa. Akainua mkono, akaupitisha polepole mbele ya macho ya mama yake, huku na huku. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia, maana uso wake ulikuwa umezeeka pale pale.

Dada alisikia nguo ikisugua. "Nani huyo mbele yangu?" akafoka. "Kwangu mtu husalimia!"

Mtoto wake alishindwa kusalimia. Alilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, na hapo ndipo dada alipomjua.

Wageni waliondoka mmoja mmoja, bila miche, wengine bila kunywa ile chai. Sisi watatu tulikaa jikoni. Kijana aliuliza swali moja tu, tangu lini. Dada akasema, "Yule wako mdogo. Sura yake sijawahi kuiona." Mtoto huyo alikuwa ameshaanza kukimbia. Mara ngapi ameletwa, akapakatwa, bibi yake akamsifu paji la uso, wazazi wakafurahi. Kijana alisimama, akaenda kujishika dirishani.

Sijawahi kumsikia dada akimbembeleza mtu tangu tuzaliwe. Siku ile alibembeleza. "Niache hapa, baba. Vijiti nitachonga vingine. Nitaweka na kamba. Wageni sitaki tena, nitabaki na miche yangu tu. Baba, niache." Alimwita baba kama wanavyoitwa watoto wadogo wanapobembelezwa walale.

"Mama, uma umepita kwenye kiatu chako," akamjibu, bila kugeuka. "Kidogo tu ungeacha mguu pale."

Nikainama, nikapitisha kidole kwenye ule mchano wa kiatu. Kijana alikuwa anasema kweli. Alimpeleka mjini siku hiyo hiyo kabla moyo haujamlegea. Dada alibebewa nguo na matone yake. Alipokuwa anaingia garini hakugeuka nyuma, na mtu ageuke kuangalia nini.

Nilikwenda kumtembelea baada ya mvua kuanza. Wanakaa ghorofa ya nne, na lifti ya jengo la fundi lifti, bila shaka, ni mbovu. Nilifika juu roho mkononi. Nyumba ni safi, inanukia sabuni. Mkwewe ni mtu mzuri, anamwita Mama, anamkatia nyama vipande vidogo. Watoto wanacheza miguuni pake na magari yao ya plastiki, mkwe anasogeza viti kila siku apige deki, na dada ameshaanguka kwa hivyo hivyo, kwa kiti ambacho jana hakikuwa pale. Sasa hainuki mpaka ashikwe mkono. Kwenda chooni anashikwa mkono. Mtu aliyekuwa anatembea shamba zima peke yake hata gizani, mtu aliyekuwa anawafokea wenye magari, anasubiri kimya mtu amalize kuosha vyombo aje amtoe alipo. Kule kwake alikuwa haoni. Huku ndiko amekuwa kipofu.

Tulizungumza kidogo. Hakuniuliza habari za kitalu, nami sikumwambia kwamba Bi Mkubwa ameoza, wala kwamba jirani anasema mengine yameota ovyo na hakuna wa kuyanunua. Nilimpa habari za mume wangu na ugomvi wangu na wifi. Akatabasamu mahali pa kutabasamu, lakini kwa kuchelewa.

Nilipoaga, mkwe na watoto walikuwa upande wa pili wa sebule, nyuma yake, wanaangalia televisheni na kucheka. Dada akanishika mkono, akanivuta mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

"Mdogo wangu, niambie kweli, wao siwezi kuwauliza. Hapa waliponikalisha, nimetazama watu au nimetazama ukuta?"

Ukuta ulikuwa mbele yake kabisa, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angeugusa.

"Watu, dada," nikamwambia. Nikajifanya natafuta mkoba wangu, nikamgeuza kiti.